Herufi Tano, Mkia Mmoja

2 Juni

Mdogo wangu Mkato,

Umenikatia simu tena, na mara hii sikupiga kelele. Wifi yako ni shahidi. Alikuwa kando yangu anakunja nguo na hakuinua hata jicho. Basi nakuandikia. Karatasi huwezi kuikata nikiwa katikati ya sentensi. Utaweza kuichana, lakini kwa udaku wako ninavyoujua, utaisoma kwanza mpaka mwisho.

Jirani wa ghorofa ya pili amenipigia. Moshi ulitoka chini ya mlango wenu ukajaa kwenye ngazi. Baba aliweka sufuria ya maji jikoni akaenda kulala. Maji yakakauka, sufuria ikaungua, naye amelala fofofo. Wewe ulikuwa kazini. Uliponisimulia ulisema "kaunguza sufuria kidogo." Kidogo! Yule mama alimwamsha Baba kwa kugonga mlango na mchi.

Nasema kile ninachosema tangu mwaka huu uanze: Baba aje akae kwangu. Nyumba yangu haina ngazi, bafu liko mlango wa pili, na wifi yako yupo nyumbani mchana kutwa kwa kuwa anashonea hapa hapa. Wewe unasema tukimtoa pale atanyauka. Mimi nasema tukimwacha pale ataungua. Shangazi naye, Mungu amjalie, alitushauri tupige kura, akasahau kwamba tuko wawili.

Kwa hiyo narudi kwenye njia ya Baba mwenyewe. Mezani kwetu ugomvi haukuamuliwa kwa ngumi wala kwa machozi. Baba alitaja urefu wa neno la Kiingereza na mkia wake, nasi tukatoa maneno kwa zamu mpaka mmoja akwame. Aliyekwama amekubali yaishe, na haruhusiwi kununa. Ndivyo tulivyoamua nani aoshe vyombo, nani alale upande wa dirisha, na ndivyo wewe ulivyoipata baiskeli niliyostahili mimi.

Narudia masharti ili baadaye usije ukaniruka. Neno moja kila barua. Hakuna kamusi, hakuna kuchungulia kwenye simu. Hakuna kuandika pembeni maneno yaliyokwisha kutumika. Unayabeba kichwani kama tulivyoyabeba mezani. Anayekosa neno, au anayerudia lililokwisha kutajwa na yeyote kati yetu, ameshindwa. Ukishindwa wewe, nakuja na gari namchukua Baba, nawe utamfungia mizigo bila kinyongo. Nikishindwa mimi, nafunga mdomo wangu, na jambo hili silitaji tena.

Herufi tano, mkia o-u-n-d. Naanza mimi: round. Mviringo. Ndio huu tunaozunguka mimi na wewe kila Jumapili kwenye simu.

Kaka yako,
Nukta


9 Juni

Kaka Nukta,

Shikamoo. Naitoa shingo upande, lakini naitoa.

Umezoea kupanga maboksi ghalani, sasa unadhani na Baba ni boksi, litolewe rafu hii lipelekwe rafu ile. Baba anazijua ngazi hizi kwa miguu yake. Kila asubuhi anashuka kwa kinyozi, anakaa kwenye kile kiti kilichochanika, anabishana na kila anayekuja kunyolewa. Anasoma vibao vya mtaa mzima. Juzi kamrudisha muuza mboga ndani ya duka na chaki mkononi, afute bei na aandike upya kwa sababu mistari ilikwenda upande. Mtu aliyepanga herufi za risasi kwenye kiwanda cha uchapaji tangu ujana wake hawezi kuvumilia mstari uliopinda. Watu wa hapa wamemzoea. Huko kwako watamwita "mzee fulani," watamsalimia kwa haraka na kupita.

Gesi sasa naifunga kabla sijatoka. Jambo hilo limekwisha.

Mchezo nimeukubali, na si kwa sababu una akili. Nimeukubali kwa sababu kila tukizungumza unaniambia Baba hana akili tena, nami nakata simu. Kwa maneno ya Kiingereza nitaweza kukujibu. Nina sharti moja: usikanyage huku mpaka mchezo uishe. Nimeona namna unavyomtazama Baba ukija, unamkagua kama mzigo uliofika umelowa.

Neno langu: found. Kilichopatikana.

Mkato


21 Juni

Mkato,

Marahaba, hata kama ni ya shingo upande.

Umenichoma kwa lile la mzigo uliolowa. Nimelisoma nikiwa ghalani, nikalazimika kutoka nje. Unadhani mimi simpendi Baba? Nani alikaa naye hospitali baada ya Mama kufariki? Ulikuwa mdogo, wala sikulaumu, lakini usiniandikie kana kwamba mimi ni dalali.

Tumepaka rangi chumba chake. Wifi yako kashona mapazia. Nikamwambia asubiri, mchezo haujaisha, akaniuliza mchezo gani, nikamweleza. Akasema familia yetu yote inahitaji kupelekwa kupimwa akili.

Shangazi aliwatembelea, sivyo? Kanipigia akisema umekonda na Baba ana suruali mpya iliyofungwa kwa kamba. Kasema pia mambo mengine kuhusu kazi yako ambayo sikuyaelewa. Umepandishwa cheo, ukatuficha?

Neno langu ni pound. Kutwanga. Ndivyo kichwa kinavyonipiga ninapoona namba ya jirani yenu kwenye simu.

Nukta


30 Juni

Kaka,

Shangazi anatia chumvi mpaka kwenye chai. Suruali ina mkanda. Siku ile tu mkanda ulikuwa umefuliwa. Cheo sina. Asubuhi nakwenda karakana, natengeneza meno ya bandia ya watu wasionijua, jioni narudi. Wiki hii nina meno ya juu ya mwalimu mmoja wa kwaya. Kayakataa mara tatu akidai yanampa kithembe. Haya ndiyo makuu yangu.

Baba hajambo. Anakula, analala. Hakuna jipya.

Neno: sound. Sauti. Napenda kuisikia ya kwako ukiwa hufoki.

Mkato


8 Julai

Mkato,

"Hakuna jipya." Unaandika hivyo kwa mkono wako, unalamba bahasha, unaipeleka posta.

Siku uliyoandika, Baba alikuwa amepotea mchana kutwa. Nimejua kwa kinyozi, si kwako. Alikwenda mpaka kile kiwanda cha uchapaji, ambacho siku hizi ni duka la magodoro, akasimama katikati ya magodoro akiwauliza vijana wa watu aproni yake wameiweka wapi. Wale vijana wakamkalisha, wakampa maji, mmoja akampeleka nyumbani. Huyo kijana angeweza kuwa mtu mbaya. Baba angeweza kuvuka barabara ile kubwa akiwaza aproni.

Na nimeelewa sasa mambo ya kazi yako. Daktari wa meno unayemfanyia kazi anafungua karakana mpya mji mwingine, akakutaka wewe uisimamie. Wewe! Tangu uko mdogo unafinyanga mishumaa kuwa vidole na masikio, na leo mtu anakupa karakana nzima. Ukakataa. Shangazi aliyasikia kwa mke wa daktari.

Mkato, nakuuliza kama kaka yako, si kama mpinzani wako: umekataa kwa ajili ya Baba? Na unajua atakavyojisikia akijua?

Neno: bound. Aliyefungwa. Sikulitafuta mbali.

Nukta


15 Julai

Kaka Nukta,

Ndiyo, nilikataa. Ni hiari yangu, na ukimwambia Baba sitakusamehe. Nakuomba kwa heshima yote: usimwambie.

Ni kweli alipotea. Nilikuandikia jioni ile, baada ya kumwogesha na kumvisha, amelala. Nilifika "hakuna jipya" nikaona sentensi fupi ndiyo ninayoiweza. Nilijua ukijua utakuja siku hiyo hiyo, na nilijua ukija nitakukabidhi, kwa sababu siku ile nilikuwa nimechoka kupita kiasi. Umewahi kuchoka mpaka ukamchukia mtu unayempenda? Mimi kwa muda mfupi, nikimvua viatu vyake vyenye vumbi la mji mzima, nilimchukia. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikwambie lote, maana kinyozi wako atakwambia tu. Sasa nikienda kazini nafunga mlango kwa nje. Namwachia chai kwenye chupa, mkate, redio, na magazeti ya zamani ayasahihishe. Nafunga, naondoka na ufunguo. Kazini namimina plasta huku ufunguo ule ukinibonyeza mfukoni. Usiniambie kitu. Kila unachotaka kuniambia nimekwisha kujiambia.

Neno: wound. Jeraha.

Mkato


20 Julai

Mkato,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa.

Umemfungia Baba. Ikitokea moto? Akianguka? Yule mama wa ghorofa ya pili atagonga na mchi wake mpaka lini? Nilikwisha kushika funguo za gari. Wifi yako ndiye aliyenizuia, akasema: "Mmewekeana ahadi, na huyo dada yako hana kitu kingine kilichobaki zaidi ya ahadi hiyo." Nikarudisha funguo. Nina hasira naye, na wewe, na mchezo huu wa kijinga niliouanzisha mwenyewe.

Lakini sikiliza. Hakuna anayekuita mbaya. Ulichofanya kingefanywa na yeyote aliyeachwa peke yake, na mimi nilikuacha peke yako huku nikikupa ushauri kwa simu. Kubali tu. Sema umekwama, hata kama hujakwama, tuyamalize.

Kama hukubali, neno langu ni hound. Mbwa wa kuwinda. Kwa mara ya kwanza natamani uwe huna jibu kwa faida yako.

Nukta


28 Julai

Kaka Nukta,

Sitasema nimekwama, kwa sababu sijakwama. Na leo nataka kukutobolea siri uone ulivyokosea tangu siku ya kwanza.

Sikucheza peke yangu. Ulikataza kamusi, ulikataza simu, ukasahau kumkataza mwenye mchezo! Nilimwambia Baba kwamba mimi na wewe tunajifurahisha kama zamani, tunatumiana maneno. Hajui kinachoshindaniwa. Macho yalimwaka. Kila barua yako ikija ananiuliza, "Nukta kasema nini?" Namtajia neno, anafumba macho, vidole vyake vinacheza hewani kana kwamba anachomoa herufi kwenye kasha. Maneno mengine nilitoa mimi, mengine yake. Mtu unayesema kichwa chake kimekwenda na maji ndiye anayekukimbiza tangu Juni.

Hili la leo nilikwama kweli, nakiri. Nilikaa nalo siku mbili. Nilipomtajia hound alikuwa anakunywa chai. Hakufumba hata macho. Alimeza funda, akaweka kikombe, akaniambia neno papo hapo, akaendelea na chai yake. Je, huyo ni mtu aliyepoteza akili? Nijibu! Wewe mwenye akili timamu lilikuchukua muda gani kutoa hilo hound lako?

Kwa hiyo hili ni la Baba, na liwe ushahidi wake: found.

Zamu yako. Nakuona unavyokuna kichwa.

Mkato


3 Agosti

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa nikitafuta namna ya kukujibu. Namna haipo, basi nasema tu.

Found ulikwisha kulitumia. Ndilo lilikuwa neno lako la kwanza kabisa, barua ya tarehe tisa Juni, nami ninayo hapa mbele yangu. "Kilichopatikana," uliandika.

Siandiki nikishangilia. Nilitamani kushinda tangu mwanzo wa mwaka, na sasa nimeshinda nasikia vibaya mno. Ningeweza kukwambia jaribu tena, toa lingine. Lakini uliyeliita ushahidi ni wewe, Mkato, na ushahidi tumeuona sote wawili. Baba wa zamani asingerudia neno. Unakumbuka alivyokuwa, hata ukinong'ona anasikia, anagonga meza kwa kijiko, "Limeshapita!"

Nakuja Jumamosi. Sitakuja kama mshindi. Wifi yako anakuja pia, atakusaidia kufunga. Tafadhali, mpaka siku hiyo, usifunge mlango. Muombe kinyozi akae naye, nitamlipa mwenyewe.

Nukta


7 Agosti

Kaka,

Njoo.

Sina ubishi. Alilisema bila kusita, ndiyo sababu sikulifikiria. Ningekuwa mimi niliyelitoa ningejikagua, lakini lilitoka kwa Baba, na tangu lini mimi nikamkagua Baba? Tangu barua yako ifike namtazama anapokula, naona vitu nilivyokuwa sitaki kuviona. Anatafuta kijiko ambacho kimo mkononi mwake.

Nimemwambia anakwenda kwako "kwa muda." Akauliza, "Nukta ana kiti kizuri?" Nikamwambia anacho. Akasema sawa. Hivyo tu, sawa, kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha. Nilitegemea agome. Nilitaka sana agome.

Hapendi kulala bila soksi. Chai yake iwe ya moto kabisa, ya vuguvugu anamwaga kwenye sinki na kukwambia kanywa. Akikuita kwa jina lisilo lako usimsahihishe mbele za watu.

Mkato


25 Agosti

Mkato wangu,

Nakuandikia kutoka kwa Nukta, kwenye kiti ambacho si kibaya. Mkono wangu umekuwa mzito lakini mistari imenyooka, pima mwenyewe. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, na juu ya ukuta mtu kaandika tangazo la kuuza saruji lenye makosa mawili. Nimekwisha kumtuma mkwe wangu akaseme.

Nina jambo la kukueleza, na nilisubiri mpaka niwe huku ili usiweze kunirudisha.

Neno lilikuwa mound. Rundo la udongo. Nilikuwa nalo mdomoni pamoja na chai.

Maneno ya mkia ule, ninayoyajua mimi, ni manane. Wawili wakicheza bila kosa, anayeanza ndiye anayekwama. Nukta alianza, kwa hiyo alikuwa amekwisha kushindwa siku alipolamba bahasha ya kwanza. Siku zote ana haraka ya kuanza. Uliponitajia hound, nikajua limebaki moja, nalo ni lako. Ungeshinda. Nikakupa found, ambalo hata mara ya kwanza nilikupa mimi, wala hukukumbuka, kwa kuwa mtu hasahau anachokitafuta, anasahau anachopewa.

Unadhani sikujua mnachoshindania? Ukuta wa chumba chako ni mwembamba, na nyinyi wawili mna sauti za wauza magazeti. Nilijua tangu zile simu za Jumapili. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuona nani kati yenu atanipigania zaidi, na hilo nililipenda, nisikudanganye. Ni raha mzee kugombewa.

Kisha daktari wako akaja. Ulikuwa karakana, hakutaka ujue. Tulizungumza kila mmoja upande wake wa mlango, kama watu wa mahabusu, mimi nimeinama kwenye tundu la ufunguo. Aliniambia kuhusu karakana mpya. Aliniambia mikono yako haijaonekana mingine kama hiyo, na kwamba ulikataa bila kutoa sababu. Akaniuliza, "Mzee, mlango huu mbona umefungwa?" Nikamwambia kitasa ni kibovu. Nikamwomba asimpe mtu mwingine nafasi ile mpaka mwisho wa Septemba.

Sikukasirika kwa mlango, Mkato. Kila asubuhi nilisikia ufunguo ukizunguka, kisha sikusikia viatu vyako vikishuka. Ulikuwa unasimama pale nje. Nami nilikuwa nimesimama pale ndani. Hakuna kati yetu aliyethubutu kukohoa. Nikasema hapana, huyu mtoto hatazeekea nje ya mlango huu.

Ningekwambia "nenda," ungebisha. Ndiyo maana nilikuita Mkato, kila nikimaliza sentensi wewe unaongeza yako. Kwa hiyo nilikupa neno bovu ulibebe mwenyewe.

Sasa usije ukafikiri yote yalikuwa maigizo. Sufuria iliungua kweli. Kwenye magodoro nilikwenda kweli, na aproni niliitaka kweli; siku ile sikuwapo. Siku za namna hiyo zinaongezeka, nazihisi zinavyokuja. Karibu nitakuwa nakosea bila kuombwa ruhusa. Nilitaka kosa moja liwe langu, nilifanye nikiwa na akili zangu zote, na nilifanye kwa ajili yako.

Nukta nimemwambia leo asubuhi. Kalia kama alivyolia siku ya baiskeli. Nenda ukaifungue hiyo karakana.

Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, na juu ya ukuta mtu kaandika tangazo la kuuza saruji lenye makosa mawili.

Baba


14 Septemba

Baba,

Shikamoo.

Nimekuja. Nakuandikia kwenye karakana mpya, juu ya meza ambayo bado ina karatasi ya dukani. Nina wasaidizi wawili wananiita "bosi" na sijui pa kuweka uso. Dirisha ni kubwa. Wiki ijayo tunaanza kupokea watu.

Nimekukasirikia, na nitakuambia usoni nikija mwisho wa mwezi. Nimeula wa chuya kwa baba yangu mzazi. Kwa majuma mazima niliamini umeondoka ukiwa umekaa mbele yangu. Nilifunga mashati yako nikilia, na wewe umekaa kitandani unanitazama ninavyolia, una neno mdomoni, hulisemi! Ungenitupia hata jicho. Nilikuombolezea, Baba, ukiwa hai unakunywa chai.

Halafu nasoma tena barua yako nashindwa kuendelea na hasira, kwa sababu nasikia viatu vyangu visivyoshuka.

Habari ya dirisha lako umenieleza mara mbili. Nimeiona.

Nina swali moja tu, na kwa ajili yake nimechana karatasi nyingi. Ile Jumamosi, Nukta akiwa ameshawasha gari, ulinishika mkono pale mlangoni. Ukaniita kwa jina la Mama. Ukaniuliza kama watoto wamekwisha kulala, na ukaniambia nisichelewe kuzima taa. Nukta hakusikia, wala sijamwambia mtu.

Hilo nalo ulilikusudia, ili niondoke bila kugeuka nyuma? Niandikie kwamba ulilikusudia. Niandikie tu hivyo, Baba, mimi nitaamini.

Mkato